Samadi, Mkonge na Vifuu: Kueneza Teknolojia za Nishati ya Tungamotaka kwa Kaya za Vijijini na Biashara Ndogo Mkoani Tanga



1. Utangulizi

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 2.6 katika mkoa wetu. Walio wengi, hasa vijijini, hupika kwa kuni au mkaa. Serikali imeweka dira: Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka ifikapo mwaka 2034 Watanzania 80 katika kila 100 wawe wanapika kwa nishati safi. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilikuwa zimeshaelekezwa kuachana na kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024.

Mitungi ya gesi na umeme vitabeba sehemu kubwa ya safari hiyo, hasa mijini. Mada hii inahusu watu ambao mtungi ukiisha hawana pa kuujaza ila wapande bodaboda, na ambao fedha ya kuujaza huipata msimu wa mavuno tu. Kwao nishati ya tungamotaka, yaani kuni, mkaa, samadi na mabaki ya mazao, itaendelea kuwapo kwa miaka mingi. Wajibu wetu ni kubadili inakotoka na namna inavyounguzwa.

Hoja yangu ni hii: teknolojia ya nishati hudumu pale inapofungwa kwenye kazi ambayo tayari inamwingizia mtu riziki. Jiko likigawiwa bure kwenye mkutano wa hadhara huishia stoo. Likimpunguzia mkaanga samaki gharama ya kuni kila siku, atalitunza, na likiharibika atamtafuta fundi mwenyewe. Tanga ina kazi za namna hiyo tele: maziwa, mkonge, minazi na samaki.

2. Hali ilivyo

Mkaa unaounguzwa mjini Tanga na unaosafirishwa nje ya mkoa hutoka zaidi kwenye misitu ya upande wa bara wa mkoa, Handeni na Kilindi. Kwenye tanuri la kawaida la udongo, tani moja ya mkaa huweza kula tani sita hadi kumi za kuni, kutegemea ukavu wa magogo na ustadi wa mchomaji. Sehemu kubwa ya nguvu ya mti inapotea msituni kabla gunia halijafungwa.

Pwani, mzigo umeangukia mikoko. Kwa vizazi vingi miti hiyo imekatwa kwa ajili ya boriti, kuchemsha chumvi, kuchoma chokaa ya matumbawe na kupikia. Mradi wa hifadhi na maendeleo ya pwani ya Tanga, ulioanza mwaka 1994, ulivipa vijiji nafasi ya kukaa pamoja na serikali kupanga matumizi ya mikoko na miamba. Somo lake lipo wazi: mwanakijiji hulinda mikoko akiwa na sauti katika mipango, na akiwa na kitu kingine cha kuweka chini ya chungu.

Halafu kuna moshi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulihusika na vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Wanaouvuta zaidi ni akina mama na watoto walio mgongoni au kando ya mafiga. Mkaa hautoi moshi mwingi, lakini ukiwashwa chumbani madirisha yakiwa yamefungwa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini. Elimu hii lazima iambatane na kila jiko tunaloliuza.

3. Samadi: nishati iliyomo kwenye banda la ng'ombe

Tangu miaka ya 1980, Tanga imejenga ufugaji wa ng'ombe wa maziwa wa wafugaji wadogo ambao mikoa mingi inautamani. Mfugaji alikopeshwa mtamba, akalipa mtamba kwa jirani. Leo tuna vyama vya wafugaji, tuna chama kikuu chao, TDCU, tuna vituo vya kukusanyia maziwa, na tuna kiwanda cha Tanga Fresh. Katika mnyororo huo wote, samadi ndiyo iliyobaki bila kutumiwa ipasavyo.

Hesabu yake ni nyepesi. Ng'ombe wa maziwa anayelishwa bandani hutoa samadi ya takribani kilo 15 hadi 20 kwa siku. Ng'ombe wawili hutoa kilo 30 hadi 40. Zikichanganywa na maji ya kiasi hichohicho na kuingizwa kwenye mtambo wa biogesi, hutoa gesi ya kuwasha plet moja kwa saa tatu hadi nne. Kwa familia ya kawaida, chai ya asubuhi na mlo mmoja mkubwa vimepatikana bila kuni. Tope linalotoka upande wa pili ni mbolea iliyokwisha kuoza, tayari kumwagiwa matete, migomba na mboga. Ng'ombe hula matete hayo na mzunguko unaendelea.

Teknolojia hii si ngeni nchini. Shirika la viwanda vidogo, SIDO, liliijaribu miaka ya 1970 kwa mitambo yenye pipa la chuma linaloelea. Kituo cha teknolojia za vijijini cha CAMARTEC, Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1981, kikaja na mtambo wa kuba la tofali unaojengwa chini ya ardhi, na kuanzia mwaka 2009 programu ya taifa ya biogesi ya majumbani ikaueneza katika mikoa mingi. Kwa sisi wa pwani tofauti hiyo ni kubwa. Chuma na hewa ya chumvi havipatani, ilhali kuba la tofali lililopigwa lipu vizuri hudumu miaka mingi.

Hata hivyo tusiuze biogesi kwa kila mtu. Mwenye ng'ombe wa kienyeji wanaoshinda malishoni atakusanya samadi ya usiku tu, na gesi haitamtosha. Anayechota maji kilomita mbili ataongezewa mzigo badala ya kupunguziwa. Anayefaa ni mfugaji wa bandani, mwenye ng'ombe wawili au zaidi na maji karibu. Wafugaji wa namna hiyo wamo Muheza, Korogwe, Lushoto na pembezoni mwa Jiji la Tanga. Tuanze nao.

4. Mkonge: mabaki yanayozidi zao lenyewe

Mwaka 1893 miche 62 ya mkonge iliyonusurika safari ndefu kutoka Florida ilipandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Tangu hapo mkoa wetu umeuza singa, yaani nyuzi za mkonge, na kutupa kilichobaki. Katika kila kilo 100 za majani yanayoingia kwenye korona, mashine ya kutenganisha nyuzi, singa kavu ni takribani kilo nne. Maji na nyama ya jani humwagwa, huoza, na uchachu wake huingia mashambani na mitoni.

Hale, wilayani Korogwe, inajulikana kwa mitambo ya umeme wa maji tangu mwaka 1964. Hapohapo, kampuni ya Katani, ikisaidiwa na UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, na Mfuko wa Pamoja wa Mazao, ilijenga mtambo wa kwanza duniani wa kuzalisha umeme kwa biogesi ya mabaki ya mkonge. Jenereta yake ilikuwa ya kilowati 150, nao ulizinduliwa mwishoni mwa miaka ya 2000. Mtambo huo ulithibitisha kwamba kinachomwagwa nyuma ya korona kinaweza kuendesha mashine.

Leo sehemu ya mkonge wa Korogwe imo mikononi mwa wakulima wadogo walio katika vyama vya ushirika vya Hale, Ngombezi, Magunga, Mwelya na Magoma. Jambo hili linatupa nafasi mpya. Mabaki hayahitaji kukusanywa kijiji kwa kijiji, kwa kuwa yote huishia kwenye korona moja. Mtambo wa kadiri ukijengwa pale, gesi yake inaweza kupikia wafanyakazi na kusaidia kuendesha mashine, na tope lirudi shambani. Ninaiomba Bodi ya Mkonge, ambayo makao yake yapo hapahapa Tanga, iliweke suala la mabaki katika kila mpango wa korona mpya, na bajeti yake iwe na fungu la vipuri na mafunzo ya waendeshaji.

5. Vifuu: mkaa usiokata mti

Pangani, Mkinga na Muheza hazikosi minazi. Nazi ikishakunwa, kifuu hutupwa au huchochewa motoni. Kifuu ni kigumu na kizito, na mkaa wake huwaka muda mrefu kwa joto kali.

Utengenezaji wake uko ndani ya uwezo wa kikundi cha kijiji. Vifuu vikavu huchomwa kwenye pipa lenye matundu machache ili hewa iwe kidogo; vikishakuwa mkaa, pipa huzibwa kabisa mpaka lipoe. Mkaa husagwa, huchanganywa na uji wa unga wa muhogo ili ushikane, hushindiliwa kwenye mashine ya mkono, kisha huanikwa. Unga wa mbao kutoka kwenye viwanda vinavyopasua mitiki ya shamba la Longuza unaweza kufanyiwa vivyo hivyo.

Vikundi vingi vya mkaa mbadala huanza kwa nguvu na kufa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni masika. Kuanzia Machi hadi Mei jua la kuanikia ni la kubahatisha, na mkaa mbichi hutoa moshi na kumkimbiza mteja. Kikundi kisicho na banda la kukaushia lenye paa la nailoni na akiba ya mkaa wa kiangazi hakifiki mwaka wa pili. Ya pili ni soko. Mteja wa nyumbani hununua mkaa wa kopo, kwa bei ya siku. Mteja wa kwanza wa mkaa wa vifuu awe mchoma nyama, mfuga vifaranga na mwenye mgahawa, maana hao wanahitaji moto wa muda mrefu na hununua kwa wingi.

6. Majiko banifu kwa wapishi wa biashara

Mafiga matatu huingiza kwenye chungu sehemu ndogo tu ya joto la kuni, mara nyingi kati ya asilimia 10 na 15. Jiko banifu lililojengwa vizuri huweza kufikisha asilimia 25 au zaidi. Kwa biashara, tofauti hiyo ni faida ya mwezi mzima.

Tuanzie ufukweni. Dagaa wanaovuliwa huku kwetu huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, na makarai makubwa ya kuchemshia hukaa juu ya mafiga upepo ukipeperusha moto. Jiko la tofali lililokumbatia karai, lenye mlango mmoja wa kuni na bomba la moshi, linapunguza kuni na kuokoa macho ya wachemshaji. Hali ni hiyohiyo kwa wakaanga samaki na mama lishe. Kwa wazalishaji wa chumvi, ushauri wangu ni mmoja: jua linatosha, na mabwawa ya kuanikia yashike nafasi ya kuni za mikoko.

Tujifunze pia kwa jirani zetu wa Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mafundi wao walichukua umbo la jiko la ndoo la Thailand, wakalibadilisha lifae sufuria na mapishi ya kwao, kigae cha udongo ndani na bati nje. Hapakuwa na mwenye kulihodhi. Mafundi wengi walilitengeneza, wakashindana, bei ikashuka, na jiko hilo likaenea Afrika Mashariki nzima. Nguvu ilikuwa kwa fundi wa bati na mfinyanzi, watu ambao tunao Ngamiani na vijijini kwetu.

7. Mapendekezo

Kwanza, malipo ya mtambo wa biogesi yafuate maziwa. Mfugaji akatwe kidogo kidogo kwenye malipo yake ya kituo cha maziwa, kama alivyowahi kulipa mtamba kwa mtamba. Chama cha wafugaji kiwe mdhamini.

Pili, kila kata yenye mitambo iwe na mafundi wawili waliosomeshwa, mmoja wa kujenga na mmoja wa mabomba na plet. VETA na SIDO mkoani zina uwezo wa kutoa mafunzo hayo. Mtambo usijengwe mahali ambako hakuna fundi wa kuurudia.

Tatu, halmashauri zitenge sehemu ya mikopo itokanayo na asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa vikundi vya wanawake na vijana vinavyotengeneza majiko banifu na mkaa wa vifuu. Mkopo uende na banda la kukaushia, na usiishie kwenye mashine.

Nne, ruzuku ya majiko banifu inayotolewa kupitia Wakala wa Nishati Vijijini, REA, iwafikie pia watengenezaji wa mkoani, wakishapimwa ubora. Ruzuku inayoleta jiko kutoka mbali na kumwacha fundi wa Korogwe bila kazi inaua kile inachotaka kukuza.

Tano, wanaopika ndio wapime. Kila mfanyabiashara anayechukua jiko jipya aandike kuni au mkaa alionunua mwezi mmoja kabla na miezi mitatu baada. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Madaftari hayo ndiyo yatakayomshawishi jirani, na ndiyo yatakayotuonyesha ni jiko gani la kuachana nalo.

8. Hitimisho

Mheshimiwa Mwenyekiti, Tanga haina upungufu wa nishati ya tungamotaka. Ina samadi inayosombwa na mvua, mabaki ya mkonge yanayochacha na vifuu vinavyotupwa, wakati mama wa Kipumbwi au Moa anaingia kwenye mikoko na panga. Pengo lililopo kati ya mali hiyo na mama huyo linazibwa na fundi, mkopo wenye masharti ya kulipika, na mnunuzi wa uhakika. Hivyo vyote vinaweza kupangwa na watu waliomo ndani ya ukumbi huu.

Ninaomba kabla ya kuachana leo, kila halmashauri itaje kituo kimoja cha maziwa, kikundi kimoja cha vifuu au ufuko mmoja wa wachemsha dagaa itakapoanzia, na mtu atakayesimamia kwa jina. Tukikutana tena, mjadala uanzie kwenye madaftari yao.