Maana ya Neno «Kusitiri»
Hotuba mbele ya waamini na wageni wa jubilei



Nimeombwa kusema juu ya neno moja tu, nalo ni kusitiri. Pengine mtaona ni jambo dogo kwa siku kubwa kama hii. Lakini neno hili nimelisikia katika barza nyingi za upatanisho, na mara nyingi mtu mmoja alitoka pale akilia.

Tuanze nyumbani. Mama akimwona mtoto mkubwa yu uchi mbele ya wageni, humtupia kitenge. Hapo amemsitiri: amemfunika ili asiaibike. Neno lenyewe lina asili ya Kiarabu, nalo lilifika kwetu pamoja na misafara iliyotoka pwani ikakaa Nyangwe na Kasongo. Ndugu zetu Waislamu humwita Mungu Sattar, maana yake Msitiri. Nasi twalijua jambo hili katika Kitabu cha Mwanzo. Nuhu alipolala uchi kwa ulevi, Sem na Yafeti walitwaa nguo, wakaenda kinyumenyume wasione aibu ya baba yao. Angalieni vema: hawakusema kwamba baba hakulewa.

Kuficha kosa ni neno jingine, nalo lina ndugu wengi. Twasema kuzika neno, kama linavyozikwa jambo lililokwisha kufa, kumbe lingali hai. Twasema kumziba mtu kinywa. Twasema kuzima kesi, kama mtu anayezima moto na kuacha makaa chini ya majivu. Twasema kugubika, yaani kufunika kitu chote tangu kichwa hata miguu. Tena kuna kupaka chokaa, ambayo Bwana mwenyewe aliitaja aliposema juu ya makaburi. Mfalme Daudi alipitia karibu njia hizo zote. Alimwita Uria kutoka vitani ili alale kwake, akamlevya, na mwisho akaandika barua ya kumwua, na Uria mwenyewe ndiye aliyeibeba. Katika kusitiri, nguo humfunika aliyeumia au aliyeanguka na kutubu. Katika kuficha, nguo ileile humfunika aliyeumiza, na aliyeumia huachwa nje kwenye baridi.

Matata ni kwamba neno kuficha halisemwi barzani. Sijapata kuona mzee akisimama na kusema: «Tufiche.» Husema: «Tusitiri.»

Nilipokuwa kijana nilikuwa mwandishi wa barza katika kijiji ambacho sitakitaja. Msichana mmoja alikuwa ameharibiwa kwa nguvu na mtu mwenye feza nyingi za zahabu. Wazee walikata mbuzi wawili, wakapewa baba. Nami nikaandika katika daftari kwamba neno limekwisha kwa amani, kwa mwandiko mzuri kabisa. Mama wa msichana akanikaribia, akauliza: «Mwanangu, umeandika jina la nani?» Sikuwa nimeandika jina la mtu yeyote. Yule mtu aliendelea kupima zahabu sokoni kwa vijiti vya kiberiti juu ya mizani yake. Msichana ndiye aliyehama.

Leo sheria imesema wazi. Sheria mbili za tarehe 20 Julai 2006, namba 06/018 na 06/019, zahusu makosa ya namna hiyo. Haziruhusu kesi imalizwe kwa kulipa faini mbele ya polisi au parke, na zataka hukumu itolewe katika miezi mitatu. Najua njia zetu, najua pia tribinali iko mbali. Hata hivyo mbuzi wa barzani hawaifuti kesi.

Msidhani jambo hili ni la wanakijiji tu. Tarehe 15 Julai 1871, katika soko la Nyangwe kando ya Lualaba, watu wa wafanya biashara wenye bunduki waliwapiga risasi watu wa soko, wengi wao wanawake, na wengi walizama mtoni. Livingstone alikuwako, na hesabu aliyopewa na Waarabu wenyewe ilikuwa kati ya watu 330 na 400. Kwa kukosa karatasi aliandika juu ya gazeti la zamani, kwa wino wa mimea. Mwaka 2011 wataalamu waliangaza kurasa zile kwa mianga ya namna nyingi, wakasoma maandishi yaliyofifia, wakayalinganisha na nakala safi aliyoiandika baadaye. Mauaji yenyewe hakuyaficha, aliyalaumu kwa ukali. Lakini maneno kadhaa juu ya mwenendo wa watu wa msafara wake mwenyewe yalibadilika au yaliachwa. Kuacha ni ndugu mpole kuliko wote wa kuficha. Simhukumu, kwa sababu mimi nami niliandika nakala safi.

Mababa wageni wataniwia radhi nikisema kwamba Kanisa nalo limeonywa. Tarehe 7 Mei 2019 Papa Fransisko alitoa barua Vos estis lux mundi, akaithibitisha mwaka 2023. Inawadai mapadri na watawa kutoa habari za mtu aliyemnajisi mtoto au mnyonge, na kuhesabu kosa la mkubwa anayezuia uchunguzi. Siri ya ungamo haiguswi: ile ni kusitiri kwa kweli, maana mwenye zambi ameitaja mwenyewe.

Mwaka huu, nilipokuwa nikitafuta habari za zamani kwa ajili ya kitabu hiki cha jubilei, nililikuta daftari lile. Chini ya mstari wa zamani nimeongeza jina moja, la mtu yule, si la msichana. Kisha nikamtumia habari yule aliyekuwa msichana, ambaye sasa ana wajukuu, nikamwuliza anataka nilipeleke wapi. Alijibu kwamba nilitunze mpaka atakapokuja mwenyewe. Namngoja.