Juu ya Kujenga Nyumba kwa Sehemu katika Kiwanja Kidogo
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Nimeombwa na Halmashauri niseme juu ya nyumba za mjini. Nashukuru kwa heshima hiyo, nami nitajitahidi kusema kwa ufupi, maana najua ya kuwa wengi wenu mmetoka kazini moja kwa moja, na safari ya kurudi makwenu ni ndefu. Safari hiyo yenyewe imo katika maneno yangu. Karani akitaka kiwanja kikubwa, hukipata mbali, mahali ambapo nauli hula mshahara. Akitaka kukaa karibu na kazi, hana budi kupanga chumba, na kodi ya chumba ni fedha isiyorudi. Hatimaye siku ya kustaafu humkuta na kiinua mgongo mkononi, wala hana mahali pa kutua mzigo.

Je, yawezekana mtu wa mshahara wa kadiri kupata nyumba njema katika kiwanja kidogo karibu na mji? Nasema yawezekana, kwa sharti moja: ajenge kwa sehemu, na sehemu hizo zipangwe zote tangu siku ya kwanza.

Jambo hili si geni kwetu. Katika nyumba za mawe za Lamu na Unguja, upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti za mikoko, kwa hiyo aghalabu haukufika mita 3. Boriti hizo zilipakiwa majahazini hata Uarabuni, na huko nako vyumba vikawa vyembamba kwa kipimo kile kile. Basi fundi alikuwa na kipimo kimoja, akakirudia chumba baada ya chumba. Vivyo hivyo nyumba ya Kiswahili ya Dar es Salaam: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma wenye jiko na choo. Mwenye nyumba hujenga vyumba viwili akaingia, kisha huongeza kingine apatapo fedha. Kasoro yake ni moja tu, kwamba hukua kwa kutambaa chini, na ardhi ya mjini sasa ni ghali.

Wako waliotaka kuitengeneza nyumba ya sehemu kwa mashine. Mwaka 1972 mjenzi Kisho Kurokawa alisimamisha Tokyo jengo liitwalo Nakagin, lenye vijumba 140 vilivyotengenezwa kiwandani na kufungwa kwa bolti katika nguzo mbili kubwa. Ilikusudiwa kila kijumba kibadilishwe baada ya miaka 25 au karibu yake. Hakikubadilishwa hata kimoja. Kila kijumba kilikuwa na mwenyewe, gharama ilikuwa kubwa, na kupatana kukawa kugumu. Jengo likazeeka, likavuja, na mwaka 2022 likavunjwa. Wahenga walisema, asiyeziba ufa hujenga ukuta. Mafundisho yake kwetu ni haya: nyumba ya sehemu isiyoweza kutengenezwa na fundi wa mtaani, wala haina fedha ya pamoja ya kuitunza, itakufa hata ikiwa nzuri namna gani.

Sasa tazameni mfano wa pili. Katika mji wa Iquique, nchi ya Chile, jamaa wapatao 100 walikaa miaka 30 katika nusu ya hekta bila hati. Ardhi ile ikigawanywa sawasawa, kila jamaa angepata mita za mraba 50 tu, njia zikiwamo. Msaada wa serikali ulikuwa dola 7,500 kwa kila jamaa, nao ulipaswa kununua ardhi, kuleta maji na njia, na kujenga nyumba. Mjenzi Alejandro Aravena na wenzake waliona ya kuwa fedha ile haitoshi nyumba nzima iliyo njema. Walakini badala ya kujenga nyumba nzima iliyo mbaya, mwaka 2003 na 2004 walijenga nusu ya nyumba iliyo njema. Wakachagua nusu ile iliyo ngumu kwa mtu peke yake: msingi, kuta za kugawa nyumba na nyumba, ngazi, jiko na bafu. Nusu ya pili wakaiacha wazi kando ya nyumba, kila mtu ajaze kwa nguvu zake. Watu wakaijaza, wala hawakufukuzwa katikati ya mji. Mwaka 2016 Aravena alitoa ramani za nyumba nne za namna hiyo, atakaye azitumie bure.

Hapa petu pia tuna ushahidi. Katika miaka ya 1970 viwanja vya Sinza na Kijitonyama vilipimwa, njia na maji vikatangulia, na wananchi wakajenga wenyewe taratibu. Yaliyo magumu kwa mtu mmoja yalitangulizwa, na mengine yakafuata.

Najua mtaniuliza, “Je, nyumba ya ghorofa itatufaa sisi? Wageni watalala wapi? Msiba utakaa wapi?” Swali hilo ni la haki. Nyumba isiyoweza kupokea msiba si nyumba yetu. Ndiyo maana nasema tusipande juu kwa fahari, bali tupande ili ua ubaki chini. Nyumba nne zikishirikiana kuta na kuzunguka ua mmoja, ua huo hupita vichochoro vinne visivyofaa kitu.

Basi natoa mashauri manne. Kwanza, msingi na nguzo zijengwe kwa nguvu ya kubeba ghorofa tangu mwanzo, hata kama ghorofa itakuja baada ya miaka kumi. Kuongeza nondo chini ya nyumba iliyokwisha simama ni kazi ya taabu. Pili, jiko na choo viwe upande mmoja, cha juu juu ya cha chini, bomba liwe moja. Tatu, tutazame matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono. Hayachomwi, kwa hiyo hayali kuni, nayo hufungamana hata yakahitaji saruji kidogo kati yao. Paa nalo lipeleke maji ya mvua tangini. Nne, wanaojenga pamoja waandikiane kabla ya jiwe la kwanza: nani atunza paa, ngazi na ua, na kila mmoja atoe kiasi gani kwa mwezi. Tangu mwaka 2008 tunayo sheria inayomwezesha mtu kumiliki sehemu ya jengo, tuisome.

Naiomba Halmashauri iandike majina ya wanachama walio tayari, wanne wanne, na kumwita mpima ardhi na fundi mwashi waje kusema nasi. Mshahara wetu ni haba, lakini haba na haba hujaza kibaba, mradi kibaba kisiwe na tundu.