Mchoraji Naye ni Mfanyakazi
(Hotuba ya walimu katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi)



Kamati imetuomba sisi walimu tuseme machache juu ya sanaa ya uchoraji, kwa kuwa picha za vijana wetu zimetundikwa hapa ukutani. Wengi wamezipita wakiuliza, "Zinasaidia nini?" Swali hilo ni la haki. Anayepanga foleni ya mgao ana haki ya kuuliza faida ya kila kitu. Tutalijibu kwa habari za mchoraji mmoja wa kwetu.

Tshibumba Kanda Matulu alizaliwa mwaka 1947 katika mji ulioitwa Élisabethville, ambao leo ni Lubumbashi. Tangu mwaka 1946 mji huo ulikuwa na karakana ya uchoraji, iliyofunguliwa na Mfaransa Pierre Romain-Desfossés. Humo walitoka mafundi kama Pilipili Mulongoy, mchoraji wa ndege na samaki, na Bela, aliyepaka rangi kwa vidole. Picha zao zilinunuliwa zaidi na Wazungu. Tshibumba alishika njia nyingine. Alichora juu ya kitambaa cha magunia ya unga, kisha akazunguka na picha zake kutafuta wanunuzi. Wachoraji wa namna yake waliwauzia wafanyakazi na makarani, watu wa kawaida waliotaka kitu cha kutundika sebuleni.

Na walitundika nini? Picha mojawapo iliyotakiwa sana iliitwa "Colonie belge". Inaonyesha mfungwa amelazwa chini anachapwa, huku mkubwa wa Kizungu akitazama. Mtu anaweza kushangaa: nani anatundika viboko mahali anapokaribisha wageni? Watu wa Lubumbashi walikuwa na jibu la neno moja, tena la Kiswahili: ukumbusho. Mtoto akiiona picha atauliza, na baba akiulizwa hana budi kueleza.

Hapo ndipo tunapoiona maana ya sanaa. Picha haitoshi kufanana na kitu. Inatakiwa iseme jambo ambalo watu hawataki lipotee. Tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba aliuawa huko Katanga pamoja na wenzake Mpolo na Okito. Tshibumba hakuwepo. Alipochora kifo chao, alilaza maiti mbele, na nyuma kabisa akaweka misalaba mitatu juu ya kilima. Aliyewahi kusikia habari za Golgotha huelewa mara moja mchoraji anasema nini.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Kwa miaka mingi Tshibumba alirudia picha zile zile zilizouzika, kwa sababu alikuwa akiishi kwa brashi. Kati ya mwaka 1973 na 1974 alifahamiana na Johannes Fabian, mwalimu wa chuo kikuu pale Lubumbashi. Fabian alinunua picha zake, akakaa naye na kurekodi mazungumzo yao kwa Kiswahili. Ndipo Tshibumba alipochora historia nzima ya nchi, tangu enzi za mababu hadi wakati wake, picha kama 100. Kitabu chake kilitoka mwaka 1996, na picha hizo zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho Amsterdam, Uholanzi. Tshibumba mwenyewe, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, hajulikani alipo.

Ndugu zetu, tutafakari hapo. Kipaji alikuwa nacho siku zote. Kilichomwezesha kuchora historia ni kupata mtu wa kununua na kusikiliza. Ni vema kwamba picha zimetunzwa, lakini mtoto wetu wa kambini hawezi kwenda Amsterdam kuziona.

Humu kambini tunao vijana wanaoandika vibao vya vinyozi na vibanda, na kuchora mabango ya kipindupindu na malaria. Seremala akitengeneza benchi analipwa. Fundi cherehani akishona sare analipwa. Mchoraji huambiwa, "Tuchoree tu, ni kazi ndogo," na rangi anunue mwenyewe. Mmoja baada ya mwingine anaacha brashi na kwenda kutafuta kuni. Wakiisha, nani atawaonyesha watoto waliozaliwa hapa mto, soko na nyumba tulizoacha?

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Mashirika yanapohitaji bango, yapange malipo ya mchoraji kama yanavyopanga ya fundi mwingine. Kamati itenge ukuta mmoja wa kudumu kwa picha hizi. Nanyi wazee, kaeni na vijana hawa, muwasimulie mliyoyaona, kwani mchoraji asiyesimuliwa atachora maua tu.

Sisi walimu kwa upande wetu tutawapa darasa moja kila Jumamosi mchana. Magunia matupu ya unga tunayo mengi, na Tshibumba ametuonyesha kwamba hayo yanatosha kuanzia.