Talaka na Msaada wa Sheria



Jambo la mazungumzo haya ni zito, wala halipendezi kutajwa siku ya furaha. Lakini nyumba zinazovunjika zimo humu humu mjini, na wenye nyumba hizo ni jamaa wa wasikilizaji waliokaa hapa.

Watu wengi hudhani ya kuwa mume akisha kutamka talaka, mambo yamekwisha. La, hapo ndipo yanapoanza. Kuna eda na matumizi yake, kuna mahari iliyobaki, kuna malezi ya watoto. Qur'ani, katika Sura ya Nisaa, imeagiza wasuluhishi wawili, mmoja wa jamaa za mume na mmoja wa jamaa za mke. Na katika Sura ya Talaka imeagiza mashahidi wawili waadilifu. Ajabu ni kwamba mtu akinunua ng'ombe hutafuta shahidi, lakini akimwacha mke wa miaka ishirini hutosheka na neno alilolitupa barazani.

Nchini Uganda sheria ya ndoa na talaka za Waislamu ilitungwa mwaka 1906, nayo inataka talaka iandikishwe kwa msajili. Mwanamke asiye na cheti hajulikani kama ameachwa au yungali mke wa mtu. Akitaka kuolewa tena, yule wa kwanza aweza kukana; na mume akifa, warithi hugombana juu ya tarehe: je, alikufa eda ikiwa haijakwisha, au baada yake? Kwa tarehe hiyo moja mjane hupata fungu lake au hutoka mikono mitupu.

Katiba ya mwaka 1995 imetaja mahakama za kadhi kwa mambo ya ndoa, talaka, urithi na ulezi, na katika kifungu cha 31 imewapa mume na mke haki sawa ndoa inapovunjika. Wala mlango wa serikali haukufungwa. Mashauri ya watoto husikilizwa na Mahakama ya Familia na Watoto, na mke anayepigwa aweza kuomba amri ya ulinzi kwa hakimu, kwa sheria ya mwaka 2010. Kwenda huko si kuuasi Uislamu, ijapokuwa wako wanaosema hivyo, na aghalabu wasemao ndio wadaiwa.

Ama wakili, serikali humlipia mshtakiwa wa kosa la kunyongwa au kifungo cha maisha. Mwenye shauri la talaka hana haki hiyo. Kwa hiyo asiye na fedha na aende kwa FIDA-Uganda, chama cha wanasheria wanawake kilichoanzishwa mwaka 1974, ambacho huwasaidia wanawake katika mashauri ya namna hii. Achukue cheti cha ndoa, majina ya mashahidi, tarehe ya talaka na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Wala asitie sahihi karatasi yo yote kabla ya kusomewa kwa lugha anayoifahamu.