FEDHA YA KWANZA YA BIASHARA



Kiinua mgongo ni jasho la miaka mingi, nacho hakilipwi mara mbili. Hata hivyo, wapo wastaafu ambao hukodi chumba cha duka mjini Mbarara, hukipaka rangi, hununua viti na kutundika kibao kikubwa. Siku ya kufungua, rafu ni tupu na mfuko hauna kitu.

Kusini-mashariki ya mji huo, wilayani Isingiro, yako makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyofunguliwa mwaka wa 1958. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi. Aliyefika mikono mitupu huanza kwa kutandika turubai chini na kupanga maharagwe, chumvi na sabuni. Fedha yake yote imo katika vitu ambavyo jirani atavinunua leo. Vikiisha, hununua vingine. Faida ikikua, ndipo hujenga kibanda.

Funzo ni hili: kabla ya kutoa shilingi, uliza itarudi lini. Itangulie bidhaa inayotoka upesi, pamoja na nauli ya kuifuata, mizani na daftari, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Rangi na kibao vingoje faida.

Ndugu askari, hakuna kamanda anayepeleka kikosi mstari wa mbele kwa magwanda mapya bila risasi. Katika biashara, risasi ni bidhaa.