Mugunga: Shamba Lilikuwa na Mashahidi, Mji Unauliza Karatasi

(Maneno tuliyosema kwenye mkutano wa wanachama)



Leo hatukuja kuongea juu ya unga wala mahema. Tunaongea juu ya Mugunga. Leo ni kartie ya komini ya Karisimbi, ndani ya mji wa Goma. Lakini wazee wetu wanaijua kama kijiji: mashamba juu ya makoro ya volkano, ziwa Kivu upande mmoja, Lac Vert pembeni, na barabara ya Sake ikipita. Goma ilikuwa mahali pa kwenda na kurudi.

Mji haukukimeza kijiji siku moja. Mwaka 1988 Goma ikawa makao makuu ya jimbo jipya la Kivu ya Kaskazini. Julai 1994 wakimbizi mamia ya maelfu wakavuka kutoka Rwanda kwa siku chache, Mugunga ikageuka kambi kubwa mpaka Novemba 1996. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ikachoma katikati ya mji, watu wakatafuta parseli kwingine. Kisha yakaja makambi ya wahami wetu wenyewe, wa Masisi na Rutshuru. Hema likiondoka, nyumba ya mbao inasimama. Mbao zikiisha, ukuta wa matofali.

Na wenye mashamba? Wengi walikuwa wamekimbia nao. Tulitembea na mama mmoja aliyerudi. Alitafuta mvokado aliopanda na mume wake. Akagusa ukuta wa mtu, akasema: «Ni hapa.» Hakuwa na kingine cha kuonyesha.

Tuseme ukweli. Kijijini shamba lilikuwa na mashahidi: jirani, shefu, miti ya mpaka. Mjini wanauliza karatasi. Sheria ya 1973 ilisema udongo wote ni wa Serikali, na kwamba haki za wenyeji kwenye mashamba ya kijiji zitapangwa kwa amri ya Rais. Amri ile haikutoka. Katika pengo lile ndimo parseli zetu zinapotelea. Tena sheria ile inasema: cheti cha kuandikishwa kikimaliza miaka 2, ni vigumu sana kukipinga. Kwa hiyo kusema «tutaona mwaka kesho» ni kupoteza.

Tunawaomba mambo matatu. Kwanza, munaporudi, tembeeni mipaka pamoja na majirani na mzee mmoja anayekumbuka, muandike majina yote, mutie sahihi. Pili, jina la mama liandikwe pia, ju mjane ndiye wa kwanza kufukuzwa. Tatu, mutu asiende peke yake kwenye ofisi ya udongo, wala asitie kidole kwenye karatasi asiyosomewa. Kopi moja ibaki kwetu.

Na yule uliyemkuta ndani ya parseli, usimwendee na panga. Pengine naye alikimbia, akauziwa kwa pesa yake ya mwisho. Tuanze na mazungumzo, mashahidi wakiwa wamekaa hapo.

Marafiki wafadhili, hatuombi kitu kikubwa: usafiri wa wazee mashahidi, fotokopi, na mtu wa kupima. Mzee akifa, mpaka unakufa naye. Hatuwezi kurudisha kijiji. Lakini tunaweza kuhakikisha wenye kijiji wanapata nafasi ndani ya mji uliojengwa juu ya mashamba yao.