Safari ya Kuona Nchi Hupangwa kwa Mchana



Wahenga walisema tembea uone. Hawakusema tembea ufike. Wengi wetu siku hizi tunatembea sana lakini tunaona kidogo. Tunapanda basi jioni, tunavuta pazia, tunalala, na alfajiri tunaamshwa na utingo kwamba tumefika. Tangu mwaka 2023 mabasi ya abiria yameruhusiwa tena kusafiri usiku, baada ya zuio la miaka mingi. Kwa mfanyabiashara, au kwa mtu anayewahi msiba, hilo ni jambo jema. Lakini kwa mzazi anayesema anawapeleka watoto kuiona nchi yao, usiku haumfai. Giza ni lile lile, liwe la Simiyu au la Tanga.

Tuchukue mfano wa familia ya Kimali, kata iliyo Wilaya ya Meatu, mkoani Simiyu. Familia hii inataka kuiona misitu ya Usambara, kisha iteremke hadi pwani ya Tanga. Ni mwendo unaokaribia kilomita 1,000. Dereva kijana atajigamba kwamba ataumaliza kwa siku moja na usiku wake. Pengine ataumaliza. Pengine utammaliza yeye, pamoja na aliowabeba.

Jambo la kwanza la kupanga ni majira. Kati ya Juni na Septemba mkulima wa Meatu huwa anauza pamba yake, kwa hiyo fedha ipo. Udongo mweusi wa mbuga, ule unaonasa magurudumu wakati wa mvua, umekauka. Masika ya Tanga, ambayo hunyesha kati ya Machi na Mei, yamepita. Na mwezi Juni shule hufungwa. Ila Lushoto huwa na baridi kali miezi hiyo, kwa hiyo masweta yasisahauliwe.

La pili ni njia. Zamani mto Sibiti ulipofurika, mtu wa Meatu aliyekwenda Singida alilazimika kuzunguka Shinyanga na Nzega. Leo Daraja la Sibiti linaiunganisha Meatu na Mkalama, na mzunguko ule si lazima tena. Hata hivyo, usiondoke kabla ya kuwauliza madereva waliopita huko juma hilo hilo. Ramani haikuelezi tope wala shimo.

La tatu, na ndilo kubwa, ni hesabu ya mchana. Mchana wetu una saa 12 tu. Ondoa saa moja ya kujiandaa na kunywa chai, moja ya chakula, mbili za kusimama na kutazama, na moja ya akiba kwa ajili ya pancha. Zinabaki saa saba za mwendo. Hizo ndizo mali yako ya siku. Usikope saa za usiku, maana riba yake ni kubwa.

Kwa hesabu hiyo, siku ya kwanza familia yetu italala Singida. Siku ya pili itapita Katesh, mlima Hanang ukionekana wazi, ifike Babati, kisha Arusha, na ikiwa mchana bado unaruhusu, Moshi. Siku ya tatu itashuka kupitia Same, milima ya Pare ikiwa upande wa kushoto, hadi Mombo. Hapo ndipo pa kuangalia saa. Kutoka Mombo kwenda Lushoto ni kilomita 33 za kona na magenge. Uwe Mombo kabla ya saa tisa alasiri. Ukichelewa, lala hapo hapo chini. Mlima hautahama.

Siku ya nne gari lipumzike, na dereva naye apumzike. Watu watembee kwa miguu katika msitu wa Magamba. Siku ya tano ni kupita Korogwe na mashamba ya mkonge, zao lililoletwa nchini mwaka 1893, hadi Muheza kwenye machungwa, kisha kupanda Amani.

Amani pana historia. Wajerumani walianzisha bustani ya utafiti wa mimea mwaka 1902, na mwaka 1997 msitu huo ukatangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia. Lakini la kumwonyesha mtoto hapo ni mto Zigi. Unatoka katika misitu ile, unateremka hadi bwawa la Mabayani, na maji yake ndiyo yanayotoka kwenye mabomba ya jiji la Tanga. Kwa hiyo siku ya sita, mtoto akinywa maji Tanga, mwambie kwamba yametoka kwenye miti aliyoiona jana. Atalielewa somo hilo kuliko akisoma vitabu kumi. Na akirudi Usukumani ataelewa kwa nini wazee walitenga ngitili, yale malisho yanayofungiwa ili majani na miti vipumzike.

Kutoka Tanga barabara inafuata pwani kwenda Pangani. Njiani kuna magofu ya Tongoni, yenye msikiti na makaburi ya kale. Pangani kwenyewe ndipo Wajerumani walipomnyonga Abushiri, mwezi Desemba 1889, kwa kosa la kupinga utawala wao. Mtoto atakayeoga baharini hapo ajue pia habari hiyo.

Na fedha je? Igawe mafungu matatu: la kwenda, la kukaa na la kurudi. Fungu la kurudi lisiguswe, hata kanga za Tanga ziwe nzuri kiasi gani. Kama gari linakwenda kilomita 10 kwa lita moja, weka lita 100 za kwenda na nyingine kama hizo za kurudi, na ziada ya kupanda milima. Asiye na gari asikate tamaa. Mpango ni ule ule: apande mabasi ya asubuhi, alale njiani, ateremke mahali penye jambo la kuona. Na kila anaposimama anunue kitu kwa mama muuza matunda, ili safari iwafae na wenyeji.

Mwisho, ndugu wasikilizaji, aliye kwenye usukani akumbushwe. Kwenye makazi ya watu mwisho ni kilomita 50 kwa saa. Akizidisha, abiria asinyamaze kwa kuona haya. Watoto wametoka nyumbani kwenda kuiona nchi, na wana haki ya kurudi Kimali kuisimulia.